Kichocho na Tezi Dume katika Usukuma na Nchi ya Dhahabu ya Geita

Mzee wa Shinyanga aliyeshikwa na taabu ya mkojo siku za utawala wa Waingereza hakukosa jina la maradhi yake. Majina yalikuwa mengi kupita kiasi. Kiswahili kilichofika bara kwa njia ya biashara na kazi za serikali kilikuja na mshipa, na ngiri, na kisonono, na kichocho, na kila moja la maneno hayo lilikuwa na eneo pana. Mshipa ni njia ya damu, ni uzi wa fahamu, tena ni uvimbe wa korodani. Ngiri ni utumbo ulioshuka kinenani, lakini vinywani mwa watu ni maumivu yoyote yaliyo chini ya kitovu. Kisonono, neno la ukoo mmoja na kitenzi kusonona, ni maradhi ya zinaa, lakini aghalabu kila akojoaye kwa uchungu hudhaniwa kuwa nacho. Kitu ambacho hakikuwa na jina la kila siku ni ile tezi iliyo chini ya kibofu cha mwanamume, yenye ukubwa kama wa ndimu ndogo, iuzungukayo mrija wa mkojo pale shingoni mwa kibofu. Tezi hiyo huzidi kukua kadiri umri uendavyo, hata mkojo ukatoka kwa shida au usitoke kabisa. Na kwa baadhi ya wazee humea ndani yake saratani.

Kukosa jina hakukuwa upungufu wa kamusi tu. Ugonjwa usiotajwa hauandikwi katika daftari la hospitali, na usioandikwa hauhesabiwi. Na kwa muda wa miaka mingi hesabu hiyo iliyokosekana ilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba wanaume wa nchi hii hawaugui tezi. Historia ya jambo hilo katika Usukuma haiwezi kuelezwa bila kuanza na maji.

Usukuma ni nchi ya mbuga pana, yenye mvua kuanzia mwezi wa Novemba hata Mei, kisha kiangazi kirefu. Mito yake mingi hukauka. Watu na ng'ombe huyategemea maji yaliyotuama: madimbwi, majaruba ya mpunga, na malambo yaliyochimbwa kwa mikono na baadaye kwa mitambo. Ndani ya maji hayo huishi konokono mdogo ambaye wataalamu humwita Bulinus nasutus. Dimbwi likikauka yeye hujificha katika tope, akangoja huko miezi mingi, na mvua ya kwanza ikinyesha hutoka akaanza kuzaa. Theodor Bilharz alikuwa amemwona mnyoo wa kichocho katika maiti huko Kairo mwaka wa 1851, na Robert Leiper alithibitisha huko huko Misri mwaka wa 1915 kwamba mnyoo huo hupita katika mwili wa konokono kabla ya kuingia katika ngozi ya mtu. Mvulana wa Kisukuma alikuwa na kila sababu ya kukutana naye: alichunga, alinywesha, alioga, alicheza, yote mahali pamoja.

Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka wa 1947, uliongeza malambo kwa juhudi kubwa, na hapana shaka ulikuwa na nia njema, kwa maana nchi ilikuwa na kiu na ng'ombe walikuwa wakifa. Mpango huo huo ndio uliowafungulia watu wa wilaya zilizojaa, kama Kwimba na Shinyanga, njia ya kuhamia magharibi katika Geita, ambako mapori yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Basi Shinyanga na Geita zikawa nchi ya ukoo mmoja: baba mashariki, wana magharibi, pamba na ng'ombe pande zote mbili. Lakini kila lambo jipya lilikuwa pia makao mapya ya konokono.

Utafiti wa maradhi haukukosekana. Ulikuwa umeelekea kwingine. Shinyanga ilijulikana kwa wataalamu wa dunia kwa ajili ya mbung'o, kwa kuwa C. F. M. Swynnerton aliweka huko makao ya idara yake ya utafiti. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa Mwanza mwaka wa 1949 kilianza kwa matende na mabusha. Kichocho kilipata nafasi yake baadaye, na kazi iliyofanywa ni ya kusifiwa. Mwaka wa 1966 D. M. Forsyth na D. J. Bradley walitoa makala juu ya madhara ya kichocho katika kaskazini-magharibi ya Tanzania, wakaonyesha kwa picha za eksirei jambo ambalo wengi hawakutaka kulisadiki: watoto wa shule, wanaokimbia na kucheza bila kulalamika, walikuwa tayari na mirija ya figo iliyopanuka na kupinda, na vibofu vilivyofanya ukoko wa chokaa. Kabla ya hapo wapo waliosema kwamba kichocho ni kero ndogo tu, mradi kila mtu anacho na kila mtu anafanya kazi.

Mayai ya mnyoo huu hayaishii katika kibofu. Tangu mwaka wa 1911 waganga wa Misri walikwisha eleza kwamba huingia katika viungo vya uzazi vya mwanamume, na tezi iliyo jirani ya kibofu haisalimiki. Hukaa humo, huzungukwa na uvimbe, na baada ya miaka hugeuka chokaa. Mwanamume huona damu katika mkojo, pengine katika shahawa; huamka usiku mara kwa mara; husikia uchungu wa kinena. Sasa tazama dalili za tezi iliyokua kwa uzee, au iliyoingiwa na saratani: kuamka usiku mara kwa mara, mkojo wa kusitasita, pengine damu, pengine uchungu wa kinena. Tofauti zipo, na mganga mwenye subira huziona. Lakini katika zahanati ya mbuga, ambako wagonjwa kumi wa kwanza wenye damu katika mkojo wote wana kichocho, mgonjwa wa kumi na moja, mwenye miaka sitini na tano, alipewa dawa ile ile. Na mara nyingi mayai yalionekana kweli katika mkojo wake, kwa kuwa mtu aweza kuwa na maradhi mawili. Ushahidi wa la kwanza ukalificha la pili.

Hivyo ndivyo ilivyojengeka imani kwamba saratani ya tezi hii ni adimu kwa Waafrika. Ni vema kukumbuka kwamba hukumu kama hiyo ilikwisha tolewa Ulaya pia. Mwaka wa 1853 mpasuaji J. Adams wa hospitali ya London alimweleza mgonjwa mmoja wa saratani ya tezi, akasema kwamba ni ugonjwa wa nadra sana. Leo katika Uingereza ndiyo saratani iwapatayo wanaume wengi kuliko nyingine yoyote. Haiaminiki kwamba miili ya Waingereza iligeuka kwa kadiri hiyo katika vizazi vichache. Kilichogeuka zaidi ni umri wa watu, na macho ya waganga, na vyombo vyao.

Hoja ya umri hutumiwa sana kwa Tanganyika pia, na mara nyingi hutumiwa vibaya. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 ilikadiria kwamba mtoto azaliwaye angeishi takriban miaka 40. Wako wasomao tarakimu hiyo wakadhani kwamba hapakuwa na wazee. Sivyo. Tarakimu hiyo ilishushwa na vifo vya watoto wachanga. Aliyevuka utoto na ujana aliweza kufika miaka sabini, na mabaraza ya Usukuma hayakupungukiwa na wenye mvi. Wazee walikuwapo. Ambako hawakuwapo ni hospitalini. Kolandoto, karibu na Shinyanga, ilikuwa na hospitali ya wamisionari tangu mwaka wa 1913, lakini hospitali za siku zile zilijaa akina mama, watoto, na vijana waliojeruhiwa. Mzee aliyezuiwa mkojo alimwendea nfumu, na nfumu alikuwa na mizizi yake na maelezo yake, ambayo hayakuhitaji tezi.

Machimbo nayo yalizidisha upofu huo. Mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia mwaka wa 1936 hata 1966, nao ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Mwadui, alikogundua almasi John Williamson mwaka wa 1940, ulikuwa mji kamili wenye hospitali yake. Hapa palikuwa na jambo lililokuwa adimu vijijini: wanaume kwa maelfu, na waganga wa kuwapima. Lakini mgodi hupima nguvu. Mganga wa mgodi alitaka kujua kama kifua ni kizima na kama mikono yaweza kushika sururu, na aliyedhoofika alirudi kwao. Mgodi haukuwa na wazee, kwa hiyo mgodi haukuwa na maradhi ya wazee. Tezi ya mchimbaji iliugua miaka ishirini baada ya yeye kuondoka, mbali na daftari lililokuwa na jina lake.

Ushahidi wa kwanza wa kuitikisa imani ile ulitoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Kampala ilianza daftari lake la saratani mwaka wa 1951, kazi iliyohusishwa sana na J. N. P. Davies wa Mulago, na daftari hilo limekuwa hazina ya Afrika ya Mashariki nzima. Mwaka wa 1977 N. Breslow na wenzake walitangaza matokeo ya kupasua tezi za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine, katika nchi saba: Uganda, Jamaika, Sweden, Ujerumani, Israeli, Singapore na Hong Kong. Chembe ndogo za saratani, ambazo mwenyewe hakuzijua akiwa hai, zilikuwapo kwa kiasi kinachokaribiana kila mahali. Zilizotofautiana ni zile zilizokwisha kukua na kusambaa ndani ya tezi. Kwa maneno mengine, mbegu ilikuwa ya watu wote. Rutuba ndiyo iliyopishana. Matokeo hayo yangetosha kumaliza usemi wa kwamba Mwafrika hana ugonjwa huu. Kisha, baina ya miaka ya 1960 na ya 1990, daftari la Kampala lenyewe likaonyesha saratani ya tezi ikipanda, mahali ambapo hapakuwa na desturi ya kuwapima wanaume wazima ili kuitafuta.

Rutuba hiyo ni nini? Wengine huitafuta katika chakula na maisha. Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini, alisifu vyakula vya Waafrika vyenye makapi mengi kwa ajili ya afya ya matumbo, na ni rahisi kulivuta wazo lake hadi kwenye tezi: Msukuma wa zamani alikula ugali wa mtama na uwele, mlenda, michembe na matobolwa, akanywa maziwa, akatembea siku nzima. Picha hii ina ukweli wake, lakini imepambwa. Mtama ulikwisha kupisha mahindi na mpunga katika mashamba mengi, na nyama haikuwa ngeni kwa watu wenye ng'ombe. Unene wa mwili, ambao huhusishwa na saratani kali zaidi ya tezi, ni jambo la mijini na la miaka ya karibuni. Kwa saratani hii mambo yaliyothibitika barabara ni matatu tu, nayo ni umri, asili, na ukoo.

Katika asili na ukoo ndipo sayansi ya jeni imeingia kwa nguvu. Mwaka wa 2006 wataalamu wa Iceland walionyesha sehemu ya kromosomu ya nane inayoongeza hatari, na sehemu hiyo ikaonekana kuwa na uzito zaidi kwa Wamarekani weusi. Mwaka wa 2022 lilielezwa badiliko moja katika jeni iitwayo HOXB13 lenye mizizi yake Afrika ya Magharibi. Kutoka hapo husemwa kwa wepesi kwamba "Waafrika" huirithi saratani hii. Neno hilo lataka kushikwa kwa uangalifu. Wamarekani weusi na Wajamaika ni wajukuu wa watu ambao wengi wao walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi. Utafiti wa Sarah Tishkoff wa mwaka wa 2009, uliogusa makabila zaidi ya 100 ya Afrika, ulithibitisha kwamba tofauti za kurithi baina ya Waafrika wenyewe ni kubwa kuliko zilizopo katika bara jingine lolote; na Msukuma wa Meatu ni jirani wa Mhadza. Kumtia Msukuma katika hesabu ya Mjamaika kwa sababu ya rangi ni kurudia kosa la zamani kwa upande wa pili: kwanza aliambiwa hawezi kuugua kwa kuwa ni Mwafrika, sasa aambiwa lazima augue kwa sababu hiyo hiyo.

Ukoo ni jambo lililo wazi zaidi. Mtu ambaye baba yake mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani ya tezi, hatari yake huwa mara mbili au zaidi. Lakini hapa lugha yajitokeza tena. Daktari auliza, "Baba yako alifariki kwa ugonjwa gani?" Baba, kwa Msukuma kama kwa Waswahili wengi, ni aliyemzaa, na nduguye mkubwa, na nduguye mdogo, ndugu ni wa tumbo moja, na wa mama mbalimbali, na mtoto wa baba mdogo. Hao wote hawana uzito mmoja katika hesabu ya urithi. Na jibu lenyewe huja katika majina yale ya kale: alikufa kwa mshipa, alizibwa mkojo, alirogwa. Ushahidi wa vizazi viwili umekwisha kufungwa ndani ya maneno hayo, na hapana chombo cha maabara kiwezacho kuufungua.

Dhahabu ilirudi kwa nguvu mwishoni mwa karne. Mgodi mpya wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka wa 2000, Bulyanhulu katika Kahama mwaka wa 2001, na mwaka wa 2012 Geita ikawa mkoa. Pembeni mwa mashimo ya makampuni kuna maelfu ya wachimbaji wadogo, katika Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko, wenye maduara yao, makarasha yao, na mialo ya kuoshea mchanga. Zebaki waitumiayo huharibu fahamu na figo. Si haki kuisingizia tezi. Aseniki ni habari nyingine. Imo katika miamba ya dhahabu yenyewe, na vipimo vya maji ya baadhi ya mito na visima vya eneo hilo vimezidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani mikrogramu 10 katika lita. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, limeitaja aseniki kuwa chanzo cha saratani ya mapafu, ngozi na kibofu. Kwa tezi ushahidi ni mdogo. Shirika hilo hilo lilikitia kichocho cha mkojo katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka wa 1994, kwa ajili ya kibofu. Katika hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka wa 1971, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2013 juu ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu ulikuta dalili za kichocho kwa sehemu kubwa yao. Kwa hiyo mzee wa nchi hii aonaye damu katika mkojo ana milango mitatu mbele yake, kichocho, kibofu na tezi, na kila mmoja una matibabu yake.

Siku hizi jina lipo. Wengine husema tezi kibofu, lakini lililoshinda ni tezi dume. Wazungu waliita kiungo hiki kwa neno la Kigiriki lenye maana ya "asimamaye mbele", jina la mahali. Tezi kibofu nalo ni jina la mahali, ingawa lina kasoro ya kuifanya tezi iwe mali ya kibofu. Tezi dume ni jina la aina nyingine, kwa kuwa limechukua jinsia badala ya mahali, na kwa hiyo limeingia moja kwa moja katika heshima ya mwanamume. Tena usemi wa watu umelisukuma mbele zaidi. Husikika, "Mzee fulani ana tezi dume," kama kwamba wengine hawana. Jina la kiungo limekuwa jina la ugonjwa, na ndani ya ugonjwa huo mmoja vimefungwa vitu viwili visivyofanana: ukuaji wa uzee, ambao huwapata wanaume wengi na hauui kwa wenyewe, na saratani, ambayo huua. Asikiaye neno hilo kwa jirani aliyepasuliwa akapona, huona ni jambo dogo, akangoja. Asikiaye kwa jirani aliyekufa, huogopa, naye pia akangoja. Wagonjwa wa saratani wafikao Bugando kwa kuchelewa, uti wa mgongo ukiwa umekwisha ingiliwa, ni wa makundi yote mawili.

Hata tiba ina neno lake la kutisha. Charles Huggins alionyesha huko Chicago mwaka wa 1941 kwamba saratani ya tezi hulishwa na homoni za korodani, na kwamba zikiondolewa ugonjwa hurudi nyuma. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel mwaka wa 1966. Katika hospitali za Tanzania kuondoa korodani kumeendelea kuwa tiba ya wengi, kwa sababu dawa za kufanya kazi hiyo bila kisu ni ghali. Mfugaji hahitaji kufundishwa nadharia ya Huggins. Ameona tofauti ya fahali na maksai tangu utoto wake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hana neno jingine la kuliita jambo hili ila kuhasiwa, na mwanamume mwenye wake na wajukuu hawezi kulisikia neno hilo kama analolisikia daktari.

Kipimo cha damu kiitwacho PSA, kilichokubaliwa Marekani mwaka wa 1986 kwa kuwafuatilia wagonjwa na mwaka wa 1994 kwa kuwatafuta wapya, kimewapa wengi matumaini ya kuepuka kidole cha daktari. Kipimo hicho hupima protini itokayo katika tezi yenyewe, iwe nzima au mgonjwa. Hupanda kwa saratani, hupanda kwa ukuaji wa uzee, na hupanda tezi ikiwa na uvimbe wa maradhi mengine. Mayai ya kichocho ni mojawapo ya mambo yawezayo kuitia tezi uvimbe huo. Kwa hiyo namba iliyoandikwa katika karatasi ya mzee wa Shinyanga haiwezi kusomwa kama ile ya mzee wa Stockholm, na daktari aisomaye hana budi kumwuliza kwanza alichunga wapi alipokuwa mtoto, na ng'ombe wake walinyweshwa katika lambo gani.